JE, NI ZAMBI KUCHEZA WAKATI MOYO UNAUMA?



Katika namba iliyopita ya gazeti letu, ndugu mmoja wa mwaka wa ine aliandika maneno makali juu ya telefone. Alisema kwamba mwanafunzi mkristo akipatwa na huzuni, dawa zake ni mbili tu: maombi na kitabu. Akamaliza kwa kuomba kwamba Jumamosi mchana, katika zile saa mbili tunaporudishiwa telefone zetu, kila mtu atakayeonekana akicheza mchezo apokonywe telefone mpaka mwisho wa trimestri. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Siku ile nilinyamaza, sababu mimi ni mtu wa kuwaza pole pole. Leo najibu, na ninaomba munisikilize mpaka mwisho.

Kwanza, mtu asiseme kwamba natetea uvivu. Ninajua wale wanaotoroka masomo na kwenda kucheza mupira wa PlayStation kwa franga za minerval. Ninajua wale wa pari, wanaotia franga za chakula mu telefone wakingojea kutajirika, kisha wanakuja kukopa sabuni kwetu. Hao siwatetei hata kidogo. Ninasema juu ya jambo jingine, dogo, ambalo wengi wetu tunalifanya na kulificha: kurudilia mchezo uleule wa zamani, unaoujua kabisa, siku ambayo moyo uko chini.

Nitaanza na jambo lililonifikia mimi mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, vita ilipofika Goma, mama yangu na wadogo wangu watatu walikuwa kule. Mimi nilikuwa huku shuleni. Nilipiga telefone, haikupita. Nilipiga tena, haikupita. Surveyan, Mungu amubariki, alinirudishia telefone yangu hata kama haikuwa Jumamosi, akasema: «Kaa nayo. Mama yako anaweza kukupigia saa yoyote.» Ni telefone ndogo ya kufinya, haina intaneti, iko na tochi, redio, na mchezo mmoja wa nyoka.

Siku ya kwanza niliomba. Siku ya pili niliomba tena. Siku ya tatu maneno yaliniisha kinywani, nikabaki kusema «Bwana, Bwana» tu. Nilifungua kitabu cha istoria. Macho yalipita mara kumi juu ya ukurasa mmoja na sikujua kilichoandikwa. Usiku, nikiwa nimelala na ile telefone juu ya kifua ili nisikose mlio wake, nikafungua nyoka.

Wote munaijua. Nyoka anakula, anarefuka, akijigonga mkia anakufa, unaanza tena. Nilicheza mpaka shariji ilikaribia kuisha, nikaacha haraka ili telefone isizimike mama akipiga. Na usiku ule nilipata usingizi, wa kwanza tangu siku tatu.

Ndugu yangu wa mwaka wa ine, sikumusahau mama. Ningemusahau namna gani, na telefone ilikuwa mkononi kwa ajili yake? Lakini mtu hawezi kushika jiwe lenye moto saa makumi mawili na ine bila kulitua hata kidogo. Ule mchezo ulikuwa pahali pa kulitua.

Sasa, kwa nini kitu kidogo namna ile kinaweza kutuliza moyo? Nimewaza na nimeona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: katika mchezo unaoujua hakuna habari mpya. Mtu mwenye huzuni amechoka na habari mpya. Kila mtu anayebisha ku mlango anamushitua, kila karatasi kutoka biro ya Prefe inamutetemesha. Lakini nyoka wa leo ni nyoka wa jana. Ukifinya kushoto, anaenda kushoto. Enjinia mmoja wa Finlandi, Taneli Armanto, ndiye aliyeutia mchezo huo katika telefone ya Nokia mwaka 1997, akichukua wazo ambalo lilikuwa limekwisha kuonekana katika mashine za michezo tangu mwaka 1976. Tangu wakati ule telefone zimebadilika mara nyingi, na sheria yake imebakia ileile. Maisha yetu hayana sheria kama hiyo. Unaweza kufanya kila kitu vizuri na hata hivyo vita ikaja. Basi, kukaa dakika kumi pahali ambapo kushoto ni kushoto, hilo peke yake ni pumziko.

Sababu ya pili: mle ndani, kosa halina deni. Huku shuleni kosa linaandikwa mu buletini, na mzazi atalisoma. Nyumbani kosa linaweza kukupotezea mbuzi ao franga za mwezi mzima. Katika mchezo unakosea, unacheka, unaanza upya. Mtu ambaye moyo wake unamwambia kila saubui «hauna maana, hauna maana» anahitaji pahali padogo pa kujaribu tena bila kuhukumiwa.

Sababu ya tatu: macho na vidole vinapata kazi, na mawazo yanakosa nafasi ya kuzunguka. Hapa nitataja mchezo wa Tetris, ule wa vipande vinavyoshuka na wewe unavipanga kama matofali. Aliyeutengeneza ni Alexey Pajitnov, huko Moscow, mwaka 1984, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya mashine za kuhesabu. Vipande ni aina 7 tu, na kila kimoja kina miraba 4. Ordinateri aliyotumia haikuweza hata kuchora picha, na vipande vya kwanza alivifanya kwa alama za maandishi. Kitu cha umaskini namna ile kikaenda dunia nzima.

Mwaka 2009, wataalamu wa Oxford, katika Uingereza, walifanya jaribio. Walionyesha watu 40 filme yenye mambo ya kuogopesha, ajali na vifo. Kisha nusu yao walipewa Tetris kwa dakika 10, nusu walikaa tu. Katika juma lililofuata, wale waliocheza walirudiliwa na zile picha mbaya mara chache kuliko wale wengine. Mwaka 2017 walichapisha jaribio jingine, lililofanyika mu hospitali, kwa watu waliotoka katika ajali ya gari siku ileile, na matokeo ya juma la kwanza yalielekea upande uleule. Sisemi kwamba Tetris inaponyesha vita. Filme si vita, na juma moja si maisha. Ninasema hivi: wakati mwenzako anapanga matofali mu telefone, usikimbilie kusema kwamba hafanyi kitu. Pengine anafunga mlango ambao usiku unafunguka wenyewe.

Kuna tena michezo ambayo watu waliitengeneza kabisa kwa ajili ya hali hii ya moyo. Mujapani mmoja, Katsuya Eguchi, aliacha jamaa na marafiki wake huko Chiba, akaenda kufanya kazi katika Nintendo mu mji wa Kyoto, mbali na kwao. Upweke ule ndio uliomupa wazo la mchezo unaoitwa Animal Crossing, uliotoka mara ya kwanza katika Japani mwaka 2001. Ndani yake hakuna vita wala kushinda. Unajenga nyumba pole pole, unavua samaki, unaandikia majirani barua. Uko na deni la nyumba, lakini mwenye deni hakufukuzi. Namba mpya ya mchezo huo ilitoka tarehe 20 mwezi wa tatu 2020, wakati Korona ilifungia watu mu nyumba, na imeuzwa zaidi ya milioni 40. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa peke yao.

Mwingine ni Stardew Valley, wa mwaka 2016. Mumarekani mmoja, Eric Barone, aliutengeneza peke yake kwa miaka zaidi ya ine. Unakuwa mfanyakazi wa biro aliyechoka, babu yako anakuachia shamba, unaenda kulima, kumwagilia, kuvuna. Nilipomweleza mama yangu jambo hili alicheka mpaka akashika mbavu. «Banalipa franga juu ya kulima? Bakuye huku, nitabapatia jembe bure!» Na sisi tunaofanya salongo kila Alhamisi katika shamba la shule tunaweza kucheka pamoja naye. Lakini nilipowaza zaidi, niliona kwamba hata hapo kuna fundisho. Mtu mwenye moyo uliovunjika anatamani kazi ndogo ambayo mwisho wake unaonekana: nimepanda, imeota. Wengine wanaipata mu telefone. Wengine kati yetu, na ninawajua, siku ya huzuni wanaenda kumwagilia mboga za interna bila kutumwa. Ni kiu moja.

Najua kuna mtu atasema: «Bon, hayo ni mambo ya wazungu.» Hapana, ndugu. Tuangalie ku kilio, hapa kwetu. Usiku, wamama wanaimba nyimbo za kanisa ndani, na inje wanaume wanazunguka moto. Wanafanya nini mpaka saubui? Wengine wanacheza karata, wengine dame. Nimeona mzee aliyezika mtoto wake akivutwa na ndugu zake: «Kuya, ukae hapa, ucheze na siye.» Akakaa. Akacheza vibaya, na hakuna aliyemucheka. Je, kuna mtu aliyesema kwamba mzee yule hakumupenda mtoto wake? Wazazi wetu walijua zamani kwamba mikono yenye kazi ndogo inasaidia moyo wenye mzigo mkubwa. Telefone imekuja nyuma tu.

Tufike sasa katika Maandiko, kwa sababu ndugu yangu aliyaweka mbele, na alifanya vizuri. Tufungue 1 Wafalme, sura ya 19. Elia amekimbia, ameingia jangwani mwendo wa siku moja, ameketi chini ya mti na kuomba afe. Nabii, mtu wa maombi, anaomba afe! Mungu alimufanyia nini kwanza? Hakumupa hotuba. Alimuacha alale. Malaika akamugusa, akamupa mukate na maji. Akala, akalala tena. Mara ya pili akagushwa, akapewa chakula tena. Ni nyuma ya hayo tu Elia alitembea siku makumi ine mpaka Horebu, na ni kule alipoulizwa anafanya nini pale. Swali lilikuja, ndiyo, lakini lilikuja nyuma ya pumziko. Sisi tunageuza mpango: tunaanza na swali, na pumziko tunalisahau.

Lakini nisiwe mwongo. Maandiko yaleyale yanatuonya. Katika 1 Samweli 16, roho mbaya inamusumbua mfalme Saulo, na Daudi anamupigia kinubi, na Saulo anapata nafuu. Kinubi hakikuwa na kosa. Lakini soma mbele, sura ya 18: Daudi anapiga kinubi kama kila siku, na Saulo anamutupia mkuki. Ni kwa nini? Kwa sababu Saulo alichukua nafuu, na wivu wake hakuugusa. Kinubi kilimupumzisha mara na mara, na yeye hakutumia lile pumziko kutengeneza moyo wake. Mwisho wake kinubi chenyewe hakikuweza tena.

Hapo ndipo mimi ninaweka mpaka. Mchezo wa kutuliza moyo ni kama ile fomu ya mti chini ya muembe wetu. Umetoka mbali na mzigo, unaketi, unapumua, unasimama, unaendelea. Hakuna anayejenga nyumba juu ya fomu. Shirika la Afya la Dunia limeweka katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022, ugonjwa wa kushindwa kuacha michezo hii. Alama zake ni tatu: mtu anashindwa kujitawala, mchezo unapita mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata akiona kwamba unamuharibu, kwa kawaida muda wa miezi 12. Hiyo si saa mbili ya Jumamosi. Lakini ni hatari ya kweli, na mtu asifiche.

Tena wataalamu wa Oxford, katika kazi waliyotoa mwaka 2022 juu ya wachezaji karibu 39 000, waliona kwamba wingi wa saa peke yake haukubadilisha sana hali ya moyo, kwa uzuri wala kwa ubaya. Kilichohusika zaidi ni sababu ya kucheza. Anayecheza kwa kupenda alijisikia vizuri kidogo. Anayecheza kama mtu anayesukumwa alijisikia vibaya. Basi, ninyi wenzangu, mujipime kwa maulizo haya matatu:

1. Ninapozima, je, ninarudi kwa watu na kwa kazi nikiwa na nguvu kidogo, ao nikiwa na hasira?

2. Je, mchezo huu unaniacha niende? Nyoka haukuiti usiku. Lakini iko michezo ya leo ambayo inakupa maisha matano tu, yakiisha ungojee ao ulipe. Inakutumia ujumbe, inakudai mayuniti. Mchezo unaokudai haukutulizi. Na ule wa pari hata tusiuite mchezo.

3. Je, kuna mtu mmoja, hata mmoja tu, anayejua kwa nini ninacheza leo?

Ulizo hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na litanirudisha mu hadisi yangu.

Siku ya tano ya kungojea, nilikuwa nimekaa nyuma ya dortuari na nyoka wangu. Alikuja mwenzangu mmoja, mtu ambaye tulikuwa hata hatusemezani sana. Angeweza kusema: «Vita iko Goma, na weye uko nacheza?» Wengine walikuwa wamekwisha kusema vile, na niliwasikia. Yeye alikaa chini, akaangalia kioo kidogo cha telefone, akauliza: «Umefika ku ngapi?» Nikamwambia. Akasema: «Lete nijaribu.» Akacheza, akafa haraka, tukacheka. Nikacheza, nikamurudishia. Tulienda vile pengine nusu saa. Kisha, bila kuniangalia, akauliza: «Na mama, bado?» Nikasema: «Bado.» Na kwa mara ya kwanza nikalia. Hakusema kitu. Alishika telefone ili isianguke mu majani.

Jioni ile tuliomba sisi wawili, na maneno ambayo yalikuwa yameniisha yalirudi.

Siku ya nane telefone ililia katikati ya mchezo. Nyoka ikafa, na sikuihurumia. «Allo? Tuko bazima bote. Weye uko namna gani?» Nikasema: «Niko muzuri, mama.» Haikuwa kweli kabisa, lakini ilikuwa karibu kweli, na ninamushukuru Mungu, na Surveyan, na yule mwenzangu. Na nyoka pia, kidogo.

Kwa hiyo, Bwana Prefe na walimu wetu, ninaomba mambo matatu kwa heshima. Ile saa mbili ya Jumamosi ibakie jinsi ilivyo, na asiadhibiwe mtu anayecheza mchezo usiodai franga wala mayuniti. Pari ikatazwe, hapo nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Na mwalimu ao kapita wa dortuari akimuona mwanafunzi anacheza peke yake kila siku, amejitenga, hali vizuri, hacheki, asianze kwa kupokonya. Akae karibu naye kwanza. Chombo kikiondolewa, huzuni inabakia palepale, tena imepoteza hata pahali pa kupumzika.

Na weye, ndugu yangu wa mwaka wa ine, sina vita na weye. Maombi na kitabu ni dawa, nakubali kabisa. Lakini hata mgonjwa anapewa kwanza kiti, kabla ya dawa. Ukiniona Jumamosi nyuma ya dortuari na telefone yangu ndogo, usipite mbali. Kuya, ukae, uniulize nimefika ku ngapi. Nitakupatia zamu yako.

Nimesema.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanite, Pedagojia